Mashine za Michezo na Lugha ya Nyumbani

Ndugu na jamaa, hapa Al Thumama sijui kama liko jambo linalowagombanisha wazee na watoto siku hizi kuliko mashine za michezo ya televisheni. Wako mababu wanaotaka zitupwe jaani, na wako akina mama wanaozisifu kwa kuwa zinawatuliza watoto. Mimi nimesomesha miaka mingi, na rai yangu ni kuwa mchezo wenyewe hauna neno. Ubaya ni hedifoni na mlango uliofungwa.

Tutazame zilikotoka. Mashine ya kwanza ya kuuzwa majumbani, Odyssey ya kampuni ya Magnavox, ilitoka Marekani mwaka 1972. Aliyeibuni, Ralph Baer, alikuwa mhamiaji kama sisi. Aliondoka Ujerumani na wazazi wake mwaka 1938, akiwa kijana, kwa kukimbia dhulma. Mashine ile haikuwa na sauti hata kidogo, na picha za rangi zilibandikwa kwa plastiki juu ya kioo cha televisheni. Lakini ilikuja na vishikio viwili, na kwa kuwa yenyewe haikuweza kushindana na mtu, ilikulazimu umtafute mwenzio. Atari ya mwaka 1977, Famicom ya Wajapani ya 1983, hata PlayStation ya 1994, zote zilikuwa na nafasi ya wachezaji wawili: watoto wamekaa bega kwa bega, na nyuma yao wengine wanangoja zamu na kutia maneno. Hayo si mageni kwetu. Ndiyo baraza la bao lile lile, wachezaji wawili, kete 64, na watazamaji kumi ambao kila mmoja anajua kuliko anayecheza.

Mambo yaligeuka mwaka 2002, Microsoft ilipoanzisha Xbox Live na mtu akaweza kucheza na asiyemwona, huku akisema naye kwa kipaza sauti cha kichwani. Wengine wakafuata. Sasa mjukuu anacheza na mtoto aliyeko Manila au Manchester, na lugha yao ni Kiingereza. Ukimwita kula anakujibu kwa Kiingereza hicho hicho, tena bila ya kugeuka.

Wala msiniambie kuwa mashine haikubali lugha nyingine. Jirani zetu wa Kuwait hawakungoja: kampuni ya Al Alamiah, iliyoanzishwa na Mohammed Al-Sharekh mwaka 1982, ilitoa kompyuta za Sakhr zenye herufi za Kiarabu, na watoto wa Ghuba wakazitumia kwa masomo na michezo pia. Leo michezo ya mpira ina watangazaji wa Kiarabu. Wa Kiswahili mimi bado sijamsikia.

Basi mashine ikae sebuleni, vishikio viwe viwili, hedifoni ziwekwe kabatini. Na Idi ijayo, jamaa tukikusanyika, napendekeza sauti ya mtangazaji izimwe na mtoto mmoja autangaze mpira kwa Kiswahili, kama wa redio, na aseme kuwa mechi inachezwa katika uwanja wetu huu wa Al Thumama, uliofunguliwa mwaka 2021 kwa umbo la gahfiya, ndugu yake kofia yetu. Zawadi nitaitoa mimi, na atapewa mtangazaji, si mfungaji wa mabao.