Mikoko ya Kupigwa Picha

Bango lilikuwa lingali limesimama. Wageni walishaondoka, hema limekunjwa, chupa za maji zimesukumwa na mawimbi hadi vichakani. Katika tope la hori ya Tudor, nyuma ya kisiwa cha Mombasa, miche ya mikoko ilikuwa imejipanga safu kwa safu kama makuruta kwenye gwaride, na karibu yote ilikuwa imekufa. Mingine ililala chali, mingine ilibaki vijiti vyeusi visivyo na jani hata moja, na mingi ilikuwa imegandwa na vile vidude vya gamba gumu vinavyojibandika chini ya madau. Robo mwaka ilikuwa haijatimia tangu mheshimiwa mmoja ashike jembe papo hapo, mbele ya kamera, na kutangaza kwamba pwani imeokoka.

Maji yalikuwa yakipwa. Mvuvi mmoja, mtu mzima, alipita na madema yake akifuatana na kijana wa kumsaidia. Akasimama, akainama, akang'oa mche mmoja. Ulitoka bila kushindana. Mizizi yake ilikuwa imejikunja ndani ya kifuko cheusi cha plastiki, kile kile ulichotoka nacho kitaluni. Aliyeupanda hakujisumbua hata kukichana.

"Mkoko hapa si kwao, mwanangu," akasema. "Hapa kwao mlilana. Hawa wamefuata pale gari linapofika, hawakufuata maji."

"Kwani hawakukuuliza, mzee?"

"Waliniambia nisogeze dau, wapige picha."

Kwa nini mikoko imepungua hapa, hakuna mkazi wa Mombasa asiyejua: kuni, boriti, nyumba, maji taka, mafuta ya meli, na mapipa ya chang'aa yanayochemshwa humo humo msituni kwa magogo ya mikoko. Watafiti waliolinganisha picha za zamani na za karibuni walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 hori ya Tudor ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Mwache, upande wa magharibi wa mji, ilipoteza karibu nusu. Huko Mwache mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo kutoka mashamba ya bara, ukafunika mizizi ambayo miti hiyo hupumulia, na msitu ukafa umesimama.

Hayo ni maafa ya zamani. Linalokera sasa ni dawa yenyewe.

Kila msimu wa mvua pwani hupokea misafara ya watu wa nia njema. Benki huja, mashirika huja, wanasiasa huja, shule huletwa kwa mabasi. Fulana mpya zinagawiwa, hotuba zinasomwa, idadi ya miche inatangazwa, na kufikia saa nane mchana kila mtu yuko njiani kurudi. Taifa lenyewe limeingia katika mbio hizo: tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya ilitoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na lengo ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Nia haina ubaya. Ubaya ni kwamba kinachohesabiwa ni mche unaoingia ardhini, na hakuna anayetumwa kurudi kuhesabu ulio hai. Kikundi cha kina mama hulipwa kwa mche kilioutoa kitaluni. Kampuni huandika katika ripoti yake mche uliopandwa. Mheshimiwa huondoka na picha. Mche ukifa wiki ya pili, katika wote hao hakuna aliyepata hasara, na mwakani kiwanja ni kile kile, kitupu, tayari kwa sherehe nyingine.

Mchezo huu umechezwa kwingineko na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2012, katika mkoa wa Camarines Sur nchini Ufilipino, watu walipanda miche ya mikoko zaidi ya milioni moja kwa muda wa saa moja hivi na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Watafiti waliorudi baada ya miaka kadhaa walikuta iliyosalia haifiki asilimia 2. Sri Lanka nayo ilipanda kwa pupa baada ya tsunami ya 2004. Katika maeneo 23 yaliyokaguliwa baadaye, 9 hayakuwa na mche hata mmoja uliopona. Fedha zilitumika, watu walitoka jasho, na bahari ikafagia.

Sababu haihitaji maabara. Mikoko ni jina la jumla la miti ya aina mbalimbali, na kila aina ina makao yake. Mlilana husimama mbele, unakopigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyotanda kama miguu mirefu, hukaa nyuma yake. Muia na mkandaa huja baadaye, na mchu huvumilia hata kule juu kwenye chumvi kali ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa ingali mtini, ikadondoka imeshakuwa kijiti kirefu, na ndiyo maana waandaaji wa sherehe huipenda: ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Basi inachomekwa popote, hata pale mbele kabisa ambapo maji huifunika muda mwingi kuliko inavyoweza kustahimili.

Na kuna jambo ambalo hotuba hulisahau. Mikoko hujipanda. Mti mmoja mzima humwaga mbegu kwa wingi kila mwaka. Maji yanayojaa huzibeba na yanayopwa huziacha. Zikikuta tope lenye kimo kinachofaa zinashika. Mahali palipokaa miaka kumi bila mche kuota, wakati miti mama iko jirani, tatizo si uhaba wa mbegu. Kuna kitu kinachozizuia: barabara iliyojengwa bila kalavati ikaziba njia ya maji, tuta la shamba la chumvi lililotelekezwa, kifusi, mbuzi, au mtu mwenye panga. Kumwaga miche elfu mahali kama hapo bila kuuliza ni kuipeleka kufa.

Mmarekani Robin Lewis, aliyeishughulikia mikoko kwa miaka mingi kule Florida, alilifanyia kazi jambo hili. Katika eneo la West Lake, karibu na Fort Lauderdale, kazi ilikuwa kusawazisha ardhi ifikie kimo chake cha zamani na kufungua vijito ili maji yaingie na kutoka. Msitu ulirudi wenyewe kwa mbegu zilizoletwa na maji, katika mamia ya hekta.

Lakini hakuna haja ya kwenda Florida. Gazi iko Kwale, mwendo wa saa moja na ushei kutoka kivuko cha Likoni. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walipanda upya pamoja na wanakijiji, kwa kujaribu, kupima na kurudi kupima tena. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo. Fedha zimeingia katika maji ya bomba na vitabu vya shule vya Gazi na Makongeni, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi unashika hekta 117. Miti ya kupandwa ni kama hekta 10 tu. Zilizobaki zote ni msitu wa asili ambao wanakijiji waliamua kuulinda. Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wamefuata njia hiyo hiyo. Ulinzi haupigwi picha vizuri, lakini ndio uliofanya kazi kubwa.

Basi wakazi wa Mikindani, Jomvu, Kisauni, Mtwapa na Kilifi waanze na hili lililo mkononi mwao: wakatae kuwa mapambo ya sherehe. Chama cha vijana kinachopigiwa simu kutoa watu mia wa kuvaa fulana kina haki ya kuuliza. Hapa palikuwa na mti gani zamani? Ulikufa kwa nini, na hicho kilichouua kimeondoka? Nani atarudi mwakani, na mwaka wa tatu, kuhesabu iliyo hai, na hesabu hiyo itabandikwa wapi ili kila mtu aisome? Asiyekuwa na majibu aende akafanyie sherehe yake hotelini. Na kina mama wa vitalu wasinyimwe riziki kwa hili. Mkataba ubadilishwe tu. Nusu ya malipo itolewe siku ya kupanda, nusu baada ya miaka mitatu kwa kila mti uliosimama, na ujira wa kulinda katikati. Mfadhili akiona ni ghali, ajue kwamba miche iliyokufa ilikuwa ghali zaidi.

Wavuvi waulizwe kabla ya mshauri wa mazingira. Mtu anayejua kamba wachanga hukulia wapi na tafi hujificha wapi maji yakiwa mafu anajua pia mkondo ulipita wapi kabla ya kuzibwa. Achukuliwe aonyeshe. Wiki moja ya majembe na makarai ikifungua mkondo mmoja uliojaa taka inaweza kuzaa miti mingi kuliko misafara ya mwaka mzima. Kalavati iliyoziba chini ya barabara si kazi ya jembe. Hiyo ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi kwa maandishi, kwa majina na saini, na ipelekwe tena akinyamaza.

Boriti nazo zina jibu. Mvinje huota haraka kwenye mchanga wa pwani na fito zake zimeezeka nyumba nyingi. Mwenye kipande cha shamba apande mivinje apunguze mzigo wa mikoko. Huyu mkata boriti naye asigeuzwe adui. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wakataji wake, wanaohesabu kwa korija na kutofautisha fito, pau, mazio na boriti kwa jicho, ndio waliopoteza riziki Februari 2018 ukataji uliposimamishwa nchini kote, wakabaki na leseni zisizo na kazi.

Mwenye panga dogo hukamatwa. Mwenye lori la kifusi je? Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kabla ya wengi wa wanaoijengea leo kuzaliwa. Kila ukuta wa mawe uliosimama ndani ya mstari wa bamvua una mtu aliyeuchorea ramani na mtu aliyetia saini. Majina hayo yako katika ofisi za umma, na umma una haki ya kuyaomba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Asiyeamini kwamba wanyonge hushinda awaulize jirani zake wa Owino Uhuru, mtaa ulio hapo hapo karibu na Mikindani, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, nao hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hawakuwa na pesa. Walikuwa na majina yao, vyeti vya hospitali, na mwanamke mmoja, Phyllis Omido, aliyekataa kunyamaza.

Walio bara, kwenye miteremko ambayo maji yake huishia Mwache, nao wanahusika. Wanaolima hadi ukingoni mwa mto waache ukanda wa nyasi na miti. Ni ombi gumu kwa mwenye ekari moja na watoto wa kulisha, na serikali ya kaunti isipomwekea kitu mkononi ombi hilo litabaki maneno matupu.

Suala la chang'aa ni zito kuliko yote, kwa sababu wanaochemsha ni watoto wa mitaa hiyo hiyo, wanajulikana kwa majina, na polisi wanajua njia ya kufikia mapipa yao kuliko mwandishi yeyote. Wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji wazungumze nao kabla ya operesheni nyingine ya siku moja. Wazungumze kwa sauti, si kwa mafumbo.

Mvua za masika hazingoji kikao. Barua za mialiko zitaanza kupita Machi, na mabango yatachapishwa kwa rangi zile zile. Pa kuulizia papo: vyama vya misitu vya jamii vipo kisheria. Asiye mwanachama ajiandikishe kabla ya hapo, aende kwenye mkutano wa kwanza na aweke swali la hesabu ya mwaka jana mezani: miche mingapi ilipandwa katika hori hii, na mingapi iko hai leo? Mkutano usifungwe kabla swali hilo halijajibiwa.