Atafutaye utulivu wa likizo na aanze na kalenda ya shule

WAHENGA walinena kuwa penye wengi pana mengi. Kila ifikapo Julai na Agosti, ukweli wa kauli hiyo hudhihirika katika barabara kuu za Ulaya, ambako mamilioni ya watu huziacha nyumba zao kwa wakati mmoja wakielekea baharini, milimani na maziwani. Miongoni mwao wamo wasafiri wa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambalo mwenyewe huliendesha mchana na kulala ndani yake usiku.

Wasafiri hao huulizana swali lile lile kila mwaka: ni wapi penye utulivu wakati huu ambapo kila mtu yuko likizoni? Rai yangu ni kwamba swali hilo linaanzia pasipofaa. Anayetaka utulivu katikati ya msimu yapasa aulize "lini" kabla ya kuuliza "wapi". Na swali la lini, tukilifuata hadi mwisho wake, hutufikisha kwenye lango la shule. Ndiyo maana naliona kuwa ni jambo la kuwahusu walimu na wanafunzi, hata wale ambao hawajapata kuliona gari la namna hiyo.

Hebu tutazame kwanza jinsi msongamano huo ulivyozaliwa. Nchini Ufaransa, serikali ya Léon Blum ilipitisha mwaka 1936 sheria iliyowapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo. Wiki ya tatu iliongezwa mwaka 1956, ya nne mwaka 1969 na ya tano mwaka 1982. Hapana shaka hilo lilikuwa jambo la haki. Kabla ya hapo, bahari ilikuwa ya matajiri. Mfanyakazi wa kiwandani aliisikia kwa masimulizi tu.

Lakini haki hiyo iliambatana na mazoea ya kuondoka siku moja. Viwanda vilifungwa Agosti, shule nazo zilikuwa zimefungwa, na familia zikaingia barabarani pamoja. Katika kiangazi cha mwaka 1975 magari yalikwama kwa mamia ya kilomita, hata serikali ikaanzisha mwaka 1976 huduma ya kuwaonya madereva iitwayo Bison Futé. Mpaka leo huduma hiyo huzipa siku rangi: kijani ni njia nyeupe, rangi ya chungwa ni taabu, nyekundu ni taabu kubwa, nyeusi ni heri ubaki nyumbani. Jumamosi inayopakana na mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, wakati wa Julai wanaporudi na wa Agosti wanapotoka, aghalabu huwa nyeusi.

Sasa msafiri wa gari-nyumba, akiuona umati huo, hutafuta upenyo. Husikia kwamba kuna barabara ya siri mahali fulani, mlima usiojulikana, ufuo usio na mtu. Naye huenda. Tatizo ni kwamba siri aliyoambiwa yeye imeambiwa wengine elfu.

Mfano ulio wazi ni wa kaskazini mwa Scotland. Mwaka 2015 ilizinduliwa huko njia ya watalii iitwayo North Coast 500, inayoanzia na kuishia mjini Inverness baada ya kuzunguka pwani kwa zaidi ya kilomita 800. Nia ilikuwa njema: kuwapelekea watu wa vijiji vya mbali riziki ambayo haikuwa ikiwafikia. Riziki ilifika kweli. Ila magari-nyumba nayo yalifika kwa wingi kwenye barabara ambazo sehemu zake nyingi zina upana wa gari moja tu, huku pembeni kukiwa na vijisehemu vya kupishana. Katika mlima wa Bealach na Bà, dereva wa gari kubwa asiyejua kurudi nyuma kwenye kona huwazuia wote walio mbele na nyuma yake. Wenyeji wakaanza kulalamika juu ya watu wanaolala katika vijisehemu hivyo vya kupishana na wanaomwaga maji ya choo kando ya njia.

Wengi wa wageni hao walidhani kwamba sheria iko upande wao. Ni kweli kuwa sheria ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 humpa kila mtu haki ya kupita na kupiga kambi katika ardhi kubwa ya nchi hiyo, mradi afanye hivyo kwa uadilifu. Lakini haki hiyo ni ya aendaye kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi. Haimhusu aliye ndani ya gari lenye injini. Hata Sweden, ambako desturi ya kila mtu kutembea msituni ni ya kale na inaheshimiwa mno, sheria ya mwaka 1975 inakataza kuendesha gari nje ya barabara kwa ajili ya starehe. Kwa hiyo utulivu wa kujichukulia popote utakapo haupo kwa mwenye gari, na asiyelijua hilo huwa kero kwa wenyeji wake.

Je, tuseme basi kwamba utulivu haupatikani? La hasha. Unapatikana, ila kwa kuisoma kalenda. Shule za Scotland hufungwa mwishoni mwa Juni na kufunguliwa katikati ya Agosti, ilhali za Uingereza yenyewe hufungwa katika wiki za mwisho za Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Nchini Finland shule hurejea katika wiki ya pili ya Agosti hivi, na za Sweden hufuata muda mfupi baadaye. Julai ndio mwezi wa mapumziko katika nchi hizo mbili. Mwenye likizo ya mwisho wa Agosti akienda kwenye maziwa ya Finland atakuta maji bado yana joto la kiangazi, na wenyeji wamekwisha kurudi kazini na madarasani. Hakuhitaji kufichuliwa siri yoyote. Ametazama tu ni lini watoto wa wenzake wanarudi shuleni.

Baada ya kalenda ndipo ramani ifuate. Umati wa Agosti huandama ufuo wa bahari na majina makubwa. Jimbo la Lozère, kusini mwa Ufaransa ya kati, lina ukubwa unaozidi kilomita 5,000 za mraba na wakazi wasiofika 80,000. Huko nako kuna penye watu: korongo la mto Tarn hujaa mitumbwi mwezi huo. Lakini nyanda za Aubrac na Margeride, zenye malisho ya ng'ombe na vijiji vya mawe, humpokea mgeni bila vurugu. Mabaraza mengi ya vijiji nchini humo yametenga viwanja ambapo gari-nyumba huegeshwa, hujazwa maji safi na kumwaga maji taka palipostahiki. Upo pia mtandao wa wakulima uitwao France Passion, ambao huwaruhusu wanachama kulala shambani usiku mmoja bila malipo, mradi gari liwe na choo chake na lisiache taka.

Masharti ya usiku mmoja yana hekima ndani yake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Afikaye alasiri mapema, akamwamkia mwenyeji, akanunua jibini au mboga zake, kisha akaondoka asubuhi, ameupata utulivu na kuuacha kama alivyoukuta. Anayekaa wiki nzima akitandaza viti na meza ameshaugeuza uwanja wa kijiji kuwa makazi yake.

Najua atatokea msomaji mwalimu aniulize: mwandishi, maneno yako ni matamu, lakini mimi nitayafuataje? Likizo yangu ni ile ya wanafunzi wangu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo kiini cha makala haya. Mstaafu huko Ulaya anaweza kusafiri Juni au Septemba, njia zikiwa nyeupe na bei zikiwa zimeshuka. Mwalimu hawezi. Mzazi mwenye watoto shuleni naye hawezi.

Nchini Uingereza mzazi anayemwondoa mtoto shuleni kwa ajili ya safari wakati wa muhula hutozwa faini, ambayo tangu Agosti 2024 ni pauni 80 kwa kila mtoto, nayo hufika 160 isipolipwa mapema. Mzazi mmoja wa kisiwa cha Isle of Wight alilipeleka suala hilo mahakamani, akidai kuwa binti yake huhudhuria masomo vizuri mwaka mzima. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yake. Naafiki uamuzi huo. Darasa halifundishiki iwapo kila familia itajipangia muhula wake. Lakini tukubali matokeo yake: utulivu umekuwa mali ya wasio na watoto, na wenye watoto wamesukumwa wote katika wiki zile zile, walipe bei ya juu na wakwame njiani.

Dawa ya jambo hili haimo mikononi mwa msafiri. Imo mikononi mwa wanaopanga mihula. Ujerumani ililitambua hilo zamani. Katika mkataba uliotiwa saini Hamburg mwaka 1964, majimbo yalikubaliana kuhusu mambo ya shule, likizo zikiwamo, na hadi leo majimbo yake 16 hayafungi pamoja. Kila jimbo lina takriban wiki sita, lakini wengine huanza mwishoni mwa Juni na wengine, kama Bavaria, huanza karibu na Agosti na kurudi katikati ya Septemba. Mengi kati ya majimbo hayo hupokezana zamu, hivyo aliyetangulia mwaka huu huenda akachelewa mwaka mwingine. Uholanzi nayo imegawa nchi katika kanda tatu. Ufaransa yenyewe hugawa kanda tatu kwa likizo za majira ya baridi na ya machipuko. La kushangaza ni kwamba kiangazi imekiacha kikiwa kimoja.

Wala wazo hili si la watu wa leo. Katika karne ya 19 miji ya pamba ya Lancashire ilikuwa na desturi ya kila mji kufunga viwanda vyake kwa wiki yake. Wiki hii mji huu ulikwenda Blackpool, wiki ijayo mji jirani. Wenye nyumba za wageni walipata kazi kiangazi kizima. Mpaka sasa shule za Leicester na wilaya yake hufungwa mapema kuliko nyingi za Uingereza, na chimbuko lake ni likizo ya viwanda vya mji huo.

Wapo wanaopinga, na hawasemi bure. Familia yenye watoto katika kanda mbili hupata taabu. Mitihani ya taifa hutaka siku moja kwa wote. Hata hivyo, Ujerumani imeishi na taabu hizo kwa zaidi ya miaka 60, na tofauti ya wiki mbili au tatu baina ya kanda haihitaji kugusa ratiba ya mitihani ikipangwa mapema.

Nasi Wakenya tusidhani ni ya Wazungu peke yao. Kiangazi chao huanguka wakati nyumbu wanapovuka mto Mara, na magari ya watalii hurundikana ukingoni mwezi Agosti. Nyumbu hubakia Maasai Mara hadi Oktoba, ambapo shule nyingi za Ulaya zimekwisha kufunguliwa na magari yamepungua. Tena shule zetu zote za umma hufuata kalenda moja. Mwanafunzi wa bweni aliyesimama kituoni siku ya kufunga, akisikia nauli ikipandishwa mbele ya macho yake, hahitaji kuelezwa maana ya watu wote kusafiri siku moja.

Basi nawaomba walimu wa jiografia wafanye jambo dogo. Chukueni kalenda za shule za nchi nne au tano, mziweke ubaoni sambamba, muwaulize wanafunzi ni wiki gani barabara zitakuwa tupu na ni kina nani watakaoweza kuitumia wiki hiyo. Kisha muwaulize kalenda yetu wenyewe ingegawanywa vipi, mkoa kwa mkoa au kaunti kwa kaunti, na nani angenufaika, na nani angeumia. Baadhi ya wanafunzi hao ndio watakaokaa katika wizara kesho kuipanga mihula. Ni heri waanze kuifikiria hesabu hiyo wangali madarasani.