Nguo ya Abu Jahm



Wiki iliyopita, katika rakaa ya pili ya Magharibi, simu ililia safu ya kwanza. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na mwenyewe akabaki amefunga mikono, akidhani kuwa kuigusa kungebatilisha sala yake. Ilipolia mara ya tatu, msikiti mzima ulikuwa ukiisikiliza simu badala ya kumsikiliza imamu.

Tuanze na hukumu, kwa kuwa wengi wametuuliza tangu siku ile. Harakati ndogo yenye haja haibatilishi sala. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Kutia mkono mfukoni na kuizima simu ni jambo jepesi kuliko hilo. Bora zaidi ni kuizima mlangoni, pale tunapovua viatu.

Lakini tusimwandame sana ndugu yetu yule. Simu yake ilisikika. Zipo nyingi zisizolia zinazotushughulisha zaidi. Tunatoa salamu, na kabla ya istighfari ya tatu vidole vimekwisha kuingia mfukoni.

Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alisali akiwa amevaa khamisa, nguo yenye nakshi, na jicho lake likaziangukia nakshi zile mara moja. Alipomaliza akaamuru nguo ipelekwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe nguo yake nzito isiyo na nakshi. Wanazuoni wameeleza kuwa khamisa ile ilikuwa zawadi ya Abu Jahm, na kwamba Mtume aliomba ile nyingine ili mwenye zawadi asivunjike moyo.

Nguo ile haikuwa haramu, na hapo ndipo hadithi hii inapotugusa. Simu nayo si haramu. Kamati yetu isingekwenda bila hiyo: michango ya kisima hupokelewa kwa M-Pesa, na habari ya msiba huenea kwa WhatsApp kabla maiti hajaoshwa. Hatuulizi kama inajuzu. Tunauliza imekaa mahali pa nani.

Nasi swali hilo tulilijibu vibaya nyumbani kwetu. Usiku mmoja baada ya Isha, binti yetu wa miaka saba alikuja kutusomea Surat al-Balad aliyoihifadhi madrasa. Tulikuwa tukiwajibu wanakamati kuhusu mazulia. Alisoma hadi mwisho, tukasema, "Maashallah, mama." Hakuondoka. Akasema, "Baba, nimeruka aya tatu. Nilitaka kuona kama unasikia."

Mama yake alikuwa jikoni, na alizisikia zote tatu zikirukwa.

Hatukuwa na jibu. Ujumbe ule ungeweza kungoja hadi asubuhi, na kwa kweli mazulia yenyewe hayajanunuliwa hadi leo.

Tangu hapo simu hukaa juu ya kabati la vyombo kuanzia tunaporudi kutoka Isha hadi mtoto alale. Si rahisi kama tulivyodhani. Siku za mwanzo mkono ulikwenda mfukoni wenyewe na kukuta hamna kitu, na tulikuwa tukisimama kutafuta maji ya kunywa ilhali hatuna kiu, kwa kuwa njia ya kwenda mtungini inapita kabatini. Mwenyekiti amekwisha kulalamika mara mbili kwamba katibu hapatikani. Kubwa kuliko hilo, rafiki yetu wa mtaa wa pili alizikwa usiku nasi tukapata habari wakati watu wamekwisha kurudi makaburini. Tulikwenda kuhani kesho yake, na jambo hilo lingali linatuuma. Sasa tumewaomba jirani zetu kwamba likitokea la dharura waje wapige hodi, na wawili wamekwisha kuja.

Binti yetu yuko Surat al-Fajr. Juzi aliruka aya moja, tukamrudisha. Alidai kwamba safari hii alikuwa amesahau tu.