TAHARIRI: Kofia ya LA unayovaa ina historia, ijue

Ukipita Gikomba asubuhi, au Toi siku yoyote ile, hukosi kuiona. Kofia ya buluu yenye herufi L na A nyeupe, zimeshikana kama abiria waliobanana kwenye kiti cha matatu. Makanga ameivaa, msanii wa mtaani ameivaa, na huenda hata wewe unayesoma hapa umeivaa sasa hivi. Ukiulizwa maana yake utajibu fasta, "Si ni Los Angeles?" Jibu ni sawa, lakini ni nusu. Herufi hizo ni nembo ya Dodgers, timu ya besiboli ya kulipwa iliyoanzishwa mwaka wa 1883. Tena haikuanzia Los Angeles. Ilizaliwa Brooklyn, New York, upande wa pili kabisa wa Marekani.

Hatuandiki haya ili uvue kofia. Vaa, imekupendeza. Tunachosema ni kwamba timu hii imebeba mambo mawili mazito, moja la kujivunia na jingine la kuhuzunisha. Wengi wanaojua la kwanza hawajawahi kusikia la pili, na sisi tunaona kwamba ni lazima yasomwe pamoja.

Tuanze na jina. Katika miaka ya 1890, tramu za umeme zilichukua nafasi ya zile zilizovutwa na farasi katika barabara za Brooklyn. Zilikuwa na kasi ambayo watu hawakuizoea, na waliogongwa na kufa hawakuwa wachache. Basi wakazi wa huko wakabandikwa jina "Trolley Dodgers", yaani wakwepa tramu, na timu yao ikalirithi. Wewe ambaye umewahi kuvuka Thika Road mbio mbio pasipo daraja unalielewa jina hilo bila kufafanuliwa. Timu ilipitia majina mengine, na wakati mmoja iliitwa Bridegrooms, mabwana harusi, kwa kuwa wachezaji kadhaa walikuwa wameoa kwa mfululizo. Hata hivyo, lililodumu ni lile la watu wa kawaida wanaohangaika kuvuka barabara salama.

Kama hujawahi kutazama besiboli, kumbuka rounders ya shule ya msingi: mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Huo ndio mchezo, ila huku kuna pesa ndefu. Kuanzia mwaka wa 1913 Dodgers walicheza katika uwanja wa Ebbets Field, uliojengwa katikati ya makazi ya watu. Walijulikana zaidi kwa kushindwa fainali, yaani World Series. Yankees, majirani zao wa New York, waliwanyuka katika fainali za 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953. Kila mara mashabiki walifarijiana kwa maneno yale yale: subirini mwaka ujao. Mashabiki wa Arsenal, wimbo huo mnaujua.

Sasa tuje kwa jambo la kujivunia. Tangu miaka ya 1880, mchezaji mweusi hakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu za besiboli. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa popote. Wenye timu walikuwa wameelewana tu, na maelewano ya aina hiyo ni magumu kuliko sheria, kwa sababu huna karatasi ya kupeleka mahakamani. Wachezaji weusi wakawa na ligi zao wenyewe, zenye vipaji vya hali ya juu.

Mwaka wa 1945 meneja mkuu wa Dodgers, Branch Rickey, alimsajili Jackie Robinson, aliyekuwa amewahi kuwa mwanajeshi na wakati huo akichezea Kansas City Monarchs. Baada ya msimu mmoja katika timu ndogo ya Montreal, Robinson aliingia Ebbets Field akiwa na jezi ya Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Baadhi ya wachezaji wenzake hawakumtaka. Wapinzani walimtukana waziwazi uwanjani, na kulikuwa na hoteli zilizomfungia mlango huku zikiwapokea wenzake weupe. Alikuwa amekubali kutojibu matusi, na si kwa kuwa hakuumia. Alijua kwamba siku atakayorusha ngumi watasema, mnaona, tuliwaambia. Msimu huo alituzwa kuwa mchezaji chipukizi bora, na mwaka wa 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Usidanganyike, hata hivyo, kwamba Rickey alifanya hivyo kwa huruma pekee. Alikuwa mfanyabiashara aliyeona vipaji vimeachwa bure na wenzake. Monarchs hawakulipwa hata senti moja kwa mchezaji wao, na ligi za weusi zilianza kufifia nyota wao walipochukuliwa mmoja baada ya mwingine. Haki iliyopatikana ilikuwa ya kweli, lakini kuna waliolipia ambao majina yao hayako kwenye jezi yoyote. Leo namba 42 ya Robinson haivaliwi na mchezaji yeyote katika ligi kuu, ila kila tarehe 15 Aprili, ambapo wachezaji wote wa timu zote huivaa.

Mwaka wa 1955, mwaka ujao ulifika. Dodgers waliwafunga Yankees 2-0 katika mechi ya saba na ya mwisho, na Brooklyn haikulala. Lakini furaha hiyo ilidumu miaka miwili tu. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka kiwanja kipya papo hapo Brooklyn. Robert Moses, afisa aliyekuwa na usemi mkubwa kuhusu ujenzi katika jiji la New York, alikataa na kumwelekeza Queens. O'Malley naye akakataa. Wapiganapo fahali wawili, unajua ni nini huumia. Oktoba 1957 timu ilitangaza kwamba inahamia Los Angeles. Watu waliojiita kwa jina la timu hiyo walijikuta hawana timu. Ebbets Field ulibomolewa mwaka wa 1960 na pahali pake pakajengwa nyumba za kupangisha.

Hapa ndipo wengi huishia wakisimulia, na hapa ndipo sisi tunataka usikilize zaidi.

Uwanja wa Dodgers wa Los Angeles uko juu ya kilima, mahali paitwapo Chavez Ravine. Hapakuwa msitu. Palikuwa na vijiji vitatu, Palo Verde, La Loma na Bishop, vilivyokaliwa na mamia ya familia, wengi wao wenye asili ya Mexico. Walikuwa na shule, kanisa, mashamba madogo na mbuzi. Wengi walijenga huko kwa kuwa mitaa mingine ya jiji haikuwaruhusu kununua nyumba kwa sababu ya asili yao.

Mwaka wa 1950 walipokea barua. Jiji lilisema linataka ardhi hiyo ili lijenge nyumba za bei nafuu, zaidi ya 3,000. Wakaahidiwa kwamba wao ndio watakaopewa nafasi ya kwanza ya kuchagua. Wengine waliuza na kuondoka, wengine walisukumwa kwa nguvu ya sheria. Kisha siasa zikaingia. Waliopinga mradi walidai kuwa nyumba za serikali ni ukomunisti, tuhuma iliyotosha kummaliza mtu Marekani ya wakati huo. Mwaka wa 1953 akachaguliwa meya aliyeahidi kuuzima mradi, na akauzima. Vilima vikabaki karibu vitupu, familia chache tu zikikataa kutoka.

Na ardhi je? Hawakurudishiwa wenyewe. Jiji lilikubaliana kuwapa Dodgers ekari 300 hivi, nalo likapewa uwanja mdogo ambao O'Malley alikuwa ameununua mjini humo. Wapiga kura waliidhinisha mkataba huo Juni 1958 kwa tofauti ndogo. Mwezi Mei 1959 maafisa wa usalama waliwaondoa waliobaki mbele ya kamera za televisheni. Mwanamke mmoja alibebwa mikono na miguu hadi nje ya nyumba ya wazazi wake, kisha tingatinga likafanya kazi yake. Tarehe 10 Aprili 1962, Dodger Stadium ukafunguliwa.

Tuseme ukweli wote. Dodgers hawakuandika ile barua ya 1950. Familia nyingi zilikuwa zimeshaondolewa kabla timu haijaamua kuhamia Los Angeles. Waliovunja ahadi ni viongozi wa jiji. Lakini timu ilipokea ardhi ikijua ilivyopatikana. Hiyo ndiyo timu ile ile iliyomfungulia mlango Robinson miaka 12 kabla. Taasisi moja inaweza kutenda haki kubwa leo na kesho ikajenga juu ya dhuluma, na moja haifuti nyingine.

Kwa miaka mingi wakazi wengi wenye asili ya Mexico hawakutaka kukanyaga uwanja huo. Kisha mwaka wa 1981 akatokea kijana wa miaka 20 kutoka kijiji cha jimbo la Sonora, Mexico, aitwaye Fernando Valenzuela. Alishinda mechi zake nane za kwanza alizoanza kama mrushaji msimu huo, akajaza uwanja kila aliposhika mpira, na timu ikatwaa ubingwa. Alifariki Oktoba 2024, siku chache kabla ya Dodgers kucheza fainali nyingine, ambayo walishinda, wakarudia tena 2025. Siku hizi ni klabu iliyouzwa mwaka wa 2012 kwa dola bilioni 2 hivi, na iliyompa Mjapani Shohei Ohtani mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Doo zipo. Lakini hakuna ubingwa unaorudisha nyumba ya mtu.

Kwani hayo yanakuhusu nini wewe wa Umoja au Likoni? Yanakuhusu kwa sababu neno lililoanza yote ni "manufaa ya umma", na unalisikia kila wiki. Katiba yetu, katika kifungu cha 40, inaruhusu serikali kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, lakini kwa fidia ya haki inayolipwa bila kucheleweshwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaenda mbele: ikiwa lengo la kuchukua ardhi hiyo litakwama, waliokuwa wamiliki wanaweza kupewa nafasi ya kwanza ya kuichukua tena, baada ya kurudisha fidia waliyolipwa. Watu wa Palo Verde wangefurahia kuwa na kipengele hicho. Sisi tunacho, lakini kipengele kisichojulikana na mwananchi ni wino tu.

Kwa hivyo, kijana, ukisikia mtaa fulani utabomolewa ili kujengwe barabara, uwanja au nyumba za bei nafuu, usishangilie ramani yenye rangi nzuri na kuishia hapo. Uliza nani anaishi pale sasa. Uliza ahadi yao imeandikwa wapi, nani ametia sahihi, na mradi ukifa ardhi itakuwa ya nani. Uliza mapema, barua ikiwa bado mkononi, kwa maana tingatinga likishawashwa, maswali huwa ni ya wanahistoria.