Chupa ya Miti Shamba Haiponyi Homa ya Nguruwe

Mwenye nguruwe hapa Kenol hakosi kusikia habari za dawa ya miti shamba. Huyu atamwambia achemshe majani ya mwarobaini, yule atamsifia mshubiri na kitunguu saumu, na wa tatu atamletea chupa iliyokwisha tayarishwa, pamoja na ahadi kwamba nguruwe anywaye dawa hiyo hashikwi na homa ya nguruwe ya Kiafrika. Mara nyingi maneno haya husemwa kwa nia njema. Lakini mimi naona yafaa tuyapinge waziwazi, maana hasara yake si bei ya chupa tu.

Sisemi hivyo kwa kudharau mimea. Pareto iliyolimwa na wazee wetu katika nyanda za juu yaua wadudu hata leo. Kwinini yatoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini, na Wafaransa wawili waliitenga mwaka 1820. Bibi Tu Youyou wa China alipata artemisinini, dawa ya malaria, katika mmea, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Basi hatuulizi kama mmea waweza kutoa dawa. Twauliza kama dawa hii, kwa ugonjwa huu, imekwisha kupimwa ndani ya nguruwe na kuonekana yaponya.

Wataalamu wamejaribu, nao si wachache. Mwaka 2013 ilitangazwa kazi juu ya mmea mmoja wa Nigeria ambao maji yake yalizuia virusi vya homa hii katika maabara. Mwaka 2016 wataalamu wa Armenia walionyesha kwamba apijenini, kitu kilichomo katika giligili ya Kizungu na mimea mingine, yazuia virusi hivyo visizaliane. Mwaka 2018 walionyesha vivyo hivyo juu ya jenisteini iliyomo katika soya. Habari hizi ni za kweli, na muuza chupa akizisikia atazipenda sana. Lakini tazama kazi ilifanyika wapi: ilifanyika katika vibakuli vya maabara, juu ya chembe hai zilizofugwa humo, kama zile za figo la tumbili. Humo dawa hugusana na virusi moja kwa moja, na kipimo chake chajulikana. Nguruwe ana tumbo, matumbo na ini, na hivyo vyote huibadili dawa kabla haijafika katika damu, hata ikabaki kidogo mno.

Mwenye shaka na awaangalie nguruwe wa China. Walikuwa wakilishwa mashudu ya soya kila siku, na jenisteini imo ndani yake. Homa ilipoingia huko mwaka 2018, ilifagia mabanda pamoja na hori zake za soya. Chanjo nayo imewasumbua wenye maabara kubwa. Vietnam iliruhusu moja mwaka 2022, ikaisimamisha mwaka huo huo kwa sababu nguruwe kadhaa walikufa baada ya kuchanjwa, kisha ikairuhusu tena mwaka 2023. Ikiwa kazi ni ngumu kiasi hicho kwao, sufuria ya jikoni itaiwezaje?

Na homa yenyewe si ngeni kwetu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka 1921, na daktari wa mifugo R. E. Montgomery, aliyeandika juu ya nguruwe wa walowezi waliokuwa wakifa tangu mwaka 1910. Ngiri hubeba virusi bila kuugua, na papasi wakaao katika mashimo yake huvipitisha. Lakini vikiisha kuingia katika nguruwe wa kufugwa havihitaji tena ngiri wala papasi. Vyapita kwa damu, mavi, makombo, viatu na matairi ya gari. Nguruwe hushikwa na homa kali, hukataa chakula, masikio na tumbo huwa mekundu au ya zambarau, na wengi hufa kabla ya siku kumi kwisha. Mwanadamu haambukizwi, na labda ndiyo maana wengine huthubutu kuiuza nyama yake.

Sasa, mbona wako watu waapao kwamba miti shamba iliwaponyea nguruwe? Sidhani kwamba wote wanadanganya. Uko ugonjwa mwingine, erisipela, ambao nao huleta homa na madoa mekundu katika ngozi. Huo huletwa na bakteria, na penisilini huuponya. Tena nguruwe aliyepigwa na jua kali la mchana huanguka akihema, na akimwagiwa maji na kuwekwa kivulini aweza kuinuka. Akiwa amenyweshwa mwarobaini saa ile ile, sifa yote itakwenda kwa mwarobaini. Hata katika homa ya Kiafrika yenyewe wachache hupona bila dawa yo yote, na aliyepona aweza kuendelea kutoa virusi kwa muda. Kwa macho tu hakuna awezaye kutenganisha magonjwa haya kwa hakika, hata daktari. Ni lazima damu ipelekwe maabara, kama ile ya Kabete.

Hapa ndipo chupa inapoleta hasara kubwa. Mkulima aliyenunua dawa hungoja aone kama itafanya kazi. Hungoja siku mbili, tatu, nne, na siku hizo nguruwe mgonjwa anamwaga virusi bandani, jirani anakuja kuazima dume, na mnunuzi anapita akitafuta wa kuchinja. Wa tatu akifa, mwenyewe hukata tamaa na kuwauza waliobaki kabla hawajaonyesha dalili. Kwingine pengine uharibifu ungekomea kijijini. Kenol ni njia panda: barabara ya kwenda mjini Murang'a yaachana hapa na ile ya Sagana, Karatina na Nyeri, na magari ya Nairobi hupita usiku na mchana. Nguruwe aliyepakiwa hapa asubuhi aweza kuwa amefika Nyeri kabla ya adhuhuri, na virusi vyake pamoja naye.

Fedha za chupa zina kazi nyingine. Nunueni mbao na waya, nguruwe wakae ndani ya ua wasizurure. Makombo ya hoteli yasipewe nguruwe mabichi. Yachemke nusu saa kamili huku yakikorogwa, na yasiyochemshwa yasikaribie banda. Wekeni viatu vya bandani ambavyo havitoki nje ya ua. Banda lisuguliwe kwanza kwa maji na sabuni mpaka mavi yaishe, ndipo imwagwe dawa ya klorini, kwani klorini ikikutana na mavi huisha nguvu. (Wataalamu wa Poland walipojaribu maji ya mimea mbalimbali mwaka 2021, mnanaa ulionyesha nguvu ya kuua virusi hivi. Lakini hiyo ni habari ya kusafishia, si ya kunywesha, na klorini yapatikana dukani.)

Nguruwe akiugua, asitoke wala asichinjwe, na Afisa wa Mifugo aitwe siku hiyo hiyo, kabla ya jirani mwenye chupa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama yataka hivyo. Lakini tuseme kweli: wako waogopao kumwita. Mama aliyetegemea nguruwe sita kwa karo ya shule ajua kwamba huenda wote wakauawa na soko likafungwa, naye hana hakika ya fidia hata senti moja. Mtu wa namna hiyo atanunua chupa, na mimi siwezi kumcheka. Kwa hiyo naona wakuu wa mifugo, katika kaunti na huko Nairobi, wangefanya vema kutangaza mapema, kabla homa haijaingia, mkulima atakayetoa habari siku ya kwanza atalipwa nini, na atalipwa lini.