Fuvu Lililoandikwa Mkatabani

Mkataba wa Versailles una ibara 440. Zipo za mipaka, za meli, za makaa ya mawe, za fidia. Ukifika ya 246 unakutana na Mhehe. Ujerumani inatakiwa, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, iikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ibara hiyohiyo inataka Msahafu wa Khalifa Othman, uliotolewa Madina, urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Tuisome taratibu. Msahafu unarudi kwa mtawala wa nchi ulikotoka. Fuvu linakwenda kwa serikali ya London. Nyumba ya Mkwawa pale Kalenga, Iringa, haikutajwa.

Makala haya yamezaliwa na ibara hiyo, na hoja yangu ni hii: waliokaa Paris mwaka 1919 kutengeneza amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza walidai mfupa, wakaiacha imani iliyoufanya mfupa wa binadamu uwe kitu cha kukusanywa.

Imani hiyo ilivaa koti la daktari. Katika miaka ya 1840 msomi wa Sweden, Anders Retzius, alibuni kipimo chepesi: chukua upana wa kichwa, gawanya kwa urefu wake, zidisha kwa mia. Kwa tarakimu hiyo watu wakapangwa, wenye vichwa virefu huku, wenye vichwa vifupi kule, na baada ya muda mfupi wengi wakaamini kwamba umbo la fuvu linaonyesha daraja la akili. Kupima kunahitaji vya kupimwa. Huko Berlin, Felix von Luschan, daktari kwa mafunzo, alijenga akiba ya maelfu ya mafuvu, na kutoka makoloni maofisa na madaktari wa jeshi walimpelekea masanduku ya mafuvu. Walifukua makaburi. Walichukua vichwa vya walionyongwa. Inaniuma zaidi kwamba Luschan mwenyewe aliandika kuwa hakuna jamii ya watu iliyo duni, na bado aliendelea kupokea masanduku hayo.

Mkwawa alikuwa amewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, ambako kamanda wao Emil von Zelewski aliuawa. Ngome yake ya Kalenga ilianguka mwaka 1894, akaendelea kupigana msituni, na Julai 1898, alipozingirwa, akajipiga risasi. Askari wa Kijerumani wakakikata kichwa. Miaka 20 baadaye Horace Byatt, msimamizi wa Kiingereza wa eneo lililotekwa, ndiye aliyependekeza fuvu lirudishwe: Wahehe waliwasaidia Waingereza vitani, na kurudi kwake kungewaonyesha watu kwamba nguvu ya Mjerumani imekwisha. Ibara ya 246, basi, ilikuwa tangazo la mshindi kabla ya kuwa faraja kwa wafiwa.

Mtu atasema wajumbe wa Paris walikuwa watoto wa zama zao. Sikubali. Mwaka 1911 mwanaanthropolojia Franz Boas alikuwa amekwisha kuchapisha vipimo vya maelfu ya wahamiaji wa New York na watoto wao, akaonyesha kwamba umbo la kichwa hubadilika katika kizazi kimoja tu. Na tarehe 11 Aprili 1919 ujumbe wa Japani uliomba usawa wa mataifa uandikwe katika utangulizi wa hati ya Shirikisho la Mataifa. Kura 11 kati ya 17 ziliunga mkono. Rais Woodrow Wilson wa Marekani, aliyekuwa kitini, akaamua kwamba bila kauli moja ya wote pendekezo limeanguka. Badala yake tukapata Ibara ya 22 ya hati hiyo, iliyowakabidhi watu wa makoloni ya walioshindwa kwa mataifa "yaliyoendelea" kama watoto kwa mlezi. Kwangu mimi huo ni mkanda uleule wa kupimia vichwa, safari hii mikononi mwa wanasheria.

Wajerumani walisema hawana fuvu hilo, na suala likalala. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, kwenye makumbusho yenye mafuvu yapatayo 2,000. Alilitambuaje la Mkwawa? Kwa tundu la risasi, na kwa kipimo cha Retzius kilicholinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, fuvu ambalo wanahistoria bado wanabishana kama ni lenyewe. Nililitazama Kalenga ndani ya kioo chake, na sikuweza kuacha kufikiri kwamba kipimo kilekile kilichoyajaza makabati ya Ulaya ndicho kilichotumika kumrudisha mzee nyumbani.

Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin iliyorithi sehemu ya akiba ya Luschan ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki: 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya, mengine hayakujulikana. Kwa vinasaba, matatu yalipata ndugu zao walio hai nchini Tanzania. Moja lilikuwa la akida wa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, Kilimanjaro. Hapa swali lenyewe limegeuka. Luschan aliuliza: huyu ni wa aina gani? Maabara ya leo inauliza: huyu ni mtoto wa nani? Swali la pili ndilo ambalo kila mfiwa wa Iringa, Songea na Kilimanjaro angeliuliza tangu siku ya kwanza, kama angeitwa mezani.

Mangi Meli mwenyewe alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Wajukuu wake wametoa vinasaba vyao, na kichwa chake bado kinatafutwa.