Fundi wa kuchomelea: meza kwanza, mashine ya pili baadaye

KILA mwaka mvua zinapokaribia, wakulima wetu hupeleka kwa fundi wa kuchomelea plau zilizopasuka, mikokoteni iliyokatika ekseli na tela zilizopinda. Kazi hufanyika, fedha hulipwa na mzigo huondoka. Haupiti muda mrefu mkokoteni uleule unarudi. Kiungo kimeshika barabara, lakini gurudumu moja linatazama nje, tairi limelika upande mmoja na maksai wanachoka kabla jua halijawa kali.

Mkulima humlaumu fundi. Fundi naye hulaumu umeme mdogo, rodi mbovu au chuma chembamba. Sisi tunaona chanzo kikubwa kiko chini ya miguu yao wote wawili. Kazi ile ilipangwa ardhini, juu ya mawe na vipande vya tofali, fundi akiwa amechuchumaa na kukadiria kwa jicho. Ardhi haina unyoofu wa kumpa mtu, na jicho lililofumba nusu kwa ajili ya mwanga haliwezi kupima kona.

Ndiyo maana leo tunazungumzia kitu ambacho wengi watakiona kidogo: meza nzito ya chuma ya kuchomelea. Tunaamini kwamba fundi mwenye mashine moja ya wastani na meza iliyonyooka atatoa kazi bora kuliko fundi mwenye mashine tatu asiye na meza. Tunaamini pia kwamba kwa fundi anayefanya kazi nyumbani kwake, na hao ndio wengi katika vijiji na miji yetu midogo, meza hiyo ndiyo mtaji wa kwanza baada ya mashine yenyewe.

Tuanze na hesabu, kwa sababu biashara ni hesabu. Kona ikikosewa kwa digrii 1 tu, kwenye geti lenye urefu wa mita 2 kosa hilo huwa sentimeta 3.5. Geti hilo halitafunga. Fundi atalirudia kwa umeme wake, rodi zake na siku yake, wala hatamdai mteja hata senti. Jambo la pili ni joto. Chuma cha urefu wa mita 1 kikipata joto la digrii 100 zaidi ya kawaida huongezeka kiasi cha milimeta 1.2, na kikipoa hujivuta. Sehemu iliyochomelewa hupata joto kubwa kuliko hilo mara nyingi, wakati sehemu ya jirani bado ni ya baridi. Hapo ndipo fremu hujikunja. Dawa yake ni kuibana kazi kwa klempu juu ya kitu kizito na kilichonyooka mpaka ipoe. Huwezi kubana kazi kwenye mchanga.

Meza tunayoizungumzia haihitaji utaalamu wa kiwandani. Bamba la chuma la futi 8 kwa 4, yaani takriban mita 2.4 kwa 1.2, likigawanywa mara tatu hutoa vipande vitatu vya mita 1.2 kwa sentimeta 80. Kipande kimoja chenye unene wa milimeta 10 kina uzito wa kilo 75 hivi. Hapa kuna nafasi kwa mafundi watatu wa mtaa mmoja kununua bamba moja na kugawana gharama, badala ya kila mmoja kusubiri mwaka mzima apate fedha za bamba zima. Bamba la milimeta 3 au 4 tunashauri liachwe. Litaanza kupinda kwa joto la kazi za mwanzo tu, na meza iliyopinda ni hasara kuliko kutokuwa na meza, kwa sababu fundi huiamini.

Kwa fremu na miguu, mabomba mawili ya mraba ya urefu wa mita 6, upana wa milimeta 50 kwa 50 na unene wa milimeta 3, yanatosha. Fremu ya juu iwe sentimeta 105 kwa 65, ili bamba litokeze kama sentimeta 7 na nusu kila upande. Ukingo huo ndio unaoshika klempu, na meza isiyo na ukingo ni sawa na jembe lisilo na mpini. Ndani ya fremu viwekwe vipande viwili vya kukatiza ili bamba lisibonyee katikati. Miguu ikatwe sentimeta 80, na chini yake ifungwe kwa vipande vya kuunganisha mguu na mguu. Chini ya kila mguu ichomelewe nati yenye bolti nene ya kupandisha na kushusha, kwa sababu sakafu za nyumba zetu si tambarare. Meza nzima itafika uzito wa kilo 120 na ushei, na kimo cha karibu sentimeta 90. Fundi mrefu aongeze, mfupi apunguze, kipimo kiwe kiuno chake.

Sasa tunafika mahali ambapo wengi hukosea. Fundi asiye na meza atajengaje meza iliyonyooka? Jibu ni kupima mara nyingi na kuchomelea polepole. Fremu ipangwe kwenye sakafu ya saruji, ishikwe kwa nukta ndogo tu kwenye kona, kisha upimwe urefu wa kona hadi kona kwa futi. Kwa fremu tuliyoitaja, vipimo vyote viwili viwe sentimeta 123.5. Kimoja kikizidi, fremu imelala upande, nayo igongwe taratibu mpaka vilingane. Baada ya hapo zivutwe kamba mbili nyembamba kutoka kona hadi kona zikatizane katikati. Zikigusana bila kusukumana, na zikaendelea kugusana vivyo hivyo hata iliyokuwa juu ikiwekwa chini, fremu haikujinyonga. Kamba hizo hazigharimu kitu, na waashi wetu wanazifahamu miaka mingi.

Uchomeleaji wenyewe uende kwa zamu: kona hii, kisha ile ya mkabala, kisha chuma kiachwe kipoe. Bamba la juu lisichomelewe mzunguko mzima kwa tamaa ya kutaka liwe imara. Vipande vifupi vya sentimeta 2 na nusu, kwa upande wa chini, vikiachana sentimeta 15 hadi 20, vinatosha kabisa. Anayechomelea mzunguko mzima bila kupumzika ataliona bamba limefanya tumbo, na kulinyoosha bamba la milimeta 10 si kazi ya nyundo. Mwisho, pima maji iwekwe juu na bolti za miguu zirekebishwe.

Meza ikishasimama itunzwe. Juu isipakwe rangi, kwa sababu rangi huzuia umeme wa waya wa ethi na hutoa moshi. Ipanguswe kwa mafuta kidogo ili isipate kutu na ili matone ya chuma yasigande. Kufua chuma kufanyike kwenye fuawe, kamwe kusifanyike juu ya meza. Na jiliwa lifungwe kwenye kona, juu ya mguu, wala lisifungwe katikati ya bamba.

Tunajua kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye fedha. Fundi anayekodi kibanda na kulipwa kwa tonge hawezi kununua kilo 120 za chuma kwa mkupuo. Hoja hiyo ni ya kweli na hatuibezi. Lakini tuliangalie jambo hili kama mkulima anavyoliangalia ghala. Ghala halizalishi hata gunia moja, ila huzuia magunia yasipotee. Fundi aandike katika daftari kwa mwezi mmoja kila kazi iliyorudishwa, kila mlango aliourekebisha bure na kila mteja aliyekatwa bei kwa sababu kona haikukaa. Akijumlisha, ataona kwamba bei ya meza amekuwa akiilipa siku zote, isipokuwa meza hakuipata.

Tunajua pia kuna njia ya mkato. Kuna watakaotafuta chuma kizito cha bei poa, na kwa wauza chuma chakavu hakikosekani kipande cha reli, kipande cha nguzo ya umeme wa msongo mkubwa au mfuniko wa mtaro wa barabarani. Hapo tunasema hapana. Reli haianguki yenyewe kutoka kwenye njia yake. Fundi anayenunua chuma cha aina hiyo ananunua kesi, na mkulima ambaye mazao yake husafirishwa kwa reli na husagwa kwa umeme anaibiwa mara mbili. Chuma chakavu cha halali kipo, kama fremu za mashine zilizokufa na mabamba yaliyobaki kwenye ujenzi. Muhimu ni kudai risiti.

Lipo vilevile suala la afya. Kuchuchumaa kutwa nzima huharibu magoti na mgongo, na fundi aliyechoka huinamia moshi. Akisimama mbele ya meza, uso wake hukaa mbali na moshi, hasa pale anapochomelea bomba lenye zinki, ambalo mvuke wake huleta homa na baridi usiku wa siku hiyohiyo. Meza pia ina mahali pa kufunga pazia la kukinga mwanga. Kazi nyingi za nyumbani hufanyika uani, watoto wakiwa wamezunguka kutazama cheche, na usiku hulia macho yanawauma kama yametiwa mchanga. Pazia zito lisiloshika moto, likizungushwa pande tatu za meza, lingewaepusha.

Yote hayo yanatuleta kwa wenye mamlaka. SIDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. CAMARTEC ya Arusha ipo kwa sheria ya mwaka 1981, na kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. VETA ilikuja kwa sheria ya mwaka 1994 kusimamia mafunzo ya ufundi. Vyombo vyote hivyo vinamgusa fundi wa uani. Tunaiomba CAMARTEC itoe mchoro mmoja rahisi wa meza hiyo, kwa Kiswahili na kwa vipimo vya mabomba yanayopatikana madukani, ubandikwe katika kila ofisi ya SIDO mkoani. Tunaiomba VETA ifanye kujenga meza kuwa jaribio la kila mwanafunzi wa uchomeleaji kabla hajapewa cheti, kwa maana kijana aliyeweza kuinyoosha meza atainyoosha na tela.

Halmashauri nazo zina nafasi yake. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha mafundi vijana kinapoomba mkopo, maofisa wa maendeleo ya jamii wasiishie kuuliza kuhusu mashine na jenereta. Waulize kazi itafanyikia wapi. Kama jibu ni chini, basi meza iwekwe kwenye orodha ya mkopo, tena iwe mstari wa kwanza. Mkopo unaonunua mashine mbili za kutengeneza vitu vilivyopinda utarejeshwa kwa taabu.

Wafanyabiashara wa vyuma tunawakumbusha kwamba riziki iko pia kwa mteja mdogo. Duka litakalokubali kulikata bamba vipande vitatu kwa mashine, likauza kipande kimoja kimoja kwa bei ya haki, litapata wateja ambao leo hupita mlangoni wakitazama tu.

Na mkulima, wewe ndiye mwenye fedha, kwa hiyo wewe ndiye mwenye sauti. Unapopeleka plau au mkokoteni, tazama fundi anafanyia wapi. Nenda na futi yako. Fremu ya tela ikiisha, pima kona hadi kona kabla hujatoa shilingi ya mwisho, na pima pia nafasi kati ya magurudumu mbele na nyuma. Vipimo vikilingana, lipa bila kuomba punguzo, kwa kuwa fundi huyo amekuokolea tairi, bushi na nguvu za maksai wako. Visipolingana, mwombe arekebishe mbele yako. Fundi akijua wateja wake wanapima, hatahitaji tahariri nyingine kumshawishi ajenge meza.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Sisi tunaongeza kwamba kazi ya chini huishia chini. Msimu ujao usitukute tena tumechuchumaa mchangani.